Walioridhika Sana wa Hasamba

Mwaka ule nilipata kibarua cha udodosaji. Unapewa fulana, kofia na kishikwambi, unazunguka kuuliza watu kama wanaridhika na kiongozi wa nchi na Bunge lake. Majibu ni manne: naridhika sana, naridhika kiasi, siridhiki, siridhiki kabisa. Jina la mtu haliandikwi. Hilo tulihubiriwa kwenye semina siku mbili nzima, mpaka nikaliota.

Tunduma, nilikozaliwa, kazi ilikuwa mteremko. Wabadilisha fedha wa mpakani hawakusubiri hata nimalize swali. "Bunge? Bonyeza pale chini kabisa, dada, na kama kuna kingine chini yake bonyeza na hicho!" Redioni nako walikuwa wanasema kuridhika kumeporomoka nchi nzima. Nikaona hii kazi naijua.

Wakanipeleka Hasamba, kule Mbozi.

Loh! Nyumba ya kwanza, naridhika sana. Ya pili, sana. Ya kumi, sana, na ndizi za kupika juu yake, wakati zawadi tumekatazwa. Msimamizi wangu akapiga simu: "Dada, unawauliza watu, au unajijazia mwenyewe umelala?" Nilimkatia simu kwa hasira, kisha nikampigia kumwomba radhi, maana kibarua nilikuwa nakihitaji.

Kesho yake nikabadili mtindo. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima shambani kwake akichuma kahawa. Nikamwamkia, nikachukua kikapu, nikachuma naye. Mikono iliposhughulika, mdomo nao ukafunguka. Kalavati la njia yao lilisombwa na mvua za mwaka juzi. Kahawa anaibeba kichwani kwa kuzunguka mlima, na mjukuu wake haendi shule mto ukijaa. Mbunge aliahidi kwa mdomo wake, akanywa na togwa lao, akapotea. Mkuu wa nchi naye alipita barabara kuu akipunga mkono.

"Na kule bungeni wanapiga makofi tu," alisema. "Wanapigia makofi nini?"

Moyoni nikashangilia. Nikatoa kishikwambi, nikamsomea swali.

"Andika naridhika sana," akasema.

"Mama! Si umetoka kusema sasa hivi?"

"Nimekwambia wewe, tukichuma. Ukitaka kuwapelekea wakubwa, andika kwanza jina langu na la baba yangu, ndipo uandike hayo."

Nikamweleza kwamba jina haliandikwi, ni kwa usalama wake. Akaacha kuchuma, akanitazama kama anayemtazama mtoto asiye na malezi.

"Nimseme mtu asipokuwepo, halafu nijifiche? Huo ni umbea, binti yangu. Mimi sikulelewa hivyo. Kama jina langu halifai, andika sana, twende tukale."

Nilimbembeleza mpaka jua likawa kali. Wapi! Nikabonyeza naridhika sana. Ugali wake na maharage nilikula bila kumtazama usoni.

Miezi michache baadaye mbunge akaitisha mkutano pale pale Hasamba. Nilikwenda, na ukiniuliza sababu nitakwambia tu kwamba lile kalavati lilikuwa limenikaa rohoni. Yule mama alisimama wa kwanza. Akataja jina lake, la baba yake na kitongoji chake, kisha akayasema yote, mpaka la togwa. Watu wakacheka. Mbunge naye akacheka, mzee wa watu, kicheko kizuri tu. Halafu akachomoa karatasi.

"Mama yangu, utafiti huu hapa. Wenzangu nchi nzima wameanguka, lakini ninyi wa huku mmesema mnaridhika sana. Sasa kalavati la leo limetoka wapi? Makalavati tuwaachie wanaolalamika."

Nilidhani atamjibu, maana yule mama ana maneno. Badala yake alikaza kanga yake kiunoni, akaikaza tena. Niliumia, jamani. Kisha akageuka kuangalia watu mmoja mmoja, mpaka akanifikia.

"Muulizeni aliyeandika," akasema. "Yule pale."

Mkutano mzima ukanigeukia, na mbunge na karatasi yake. Nikasimama, nikaanza na jina langu na la baba yangu.