Siidii Tupu Kwenye Bariyeri

Miaka ile ya vita, watu wa Masisi waliendelea kuoa na kuolewa, nami nilikula kwa kupiga video za harusi zao. Nilikuwa na kamera, ordinateri, yaani kompyuta, ya kuchomea siidii, na sifa mbaya: siidii zangu zilikufa mapema. Familia ikikimbia mapigano, siidii ilifungwa ndani ya kitenge pamoja na sufuria. Wakirudi, ule utando unaong'aa ulikuwa umebanduka, na bwana harusi amekwama keki ikiwa mdomoni.

Kwa hiyo mama mmoja mfugaji wa Karuba aliponiita kwa harusi ya binti yake mdogo, alinipa maziwa kwanza, kisha masharti.

"Dada, sitaki siidii ya kubanduka. Ya mukubwa wake ilikufa mbele hata hajapata mutoto. Unitafutie yenye itavumilia kukimbia."

Nilishuka Goma, kwenye duka la papa mmoja, mzee wa Butembo. Aliweka siidii tupu za aina mbili juu ya kaunta. Ya kwanza niliiinua kwenye mwanga, nikaona barabara yote kupitia ndani yake, pikipiki zikipita. Ya pili ilizuia mwanga, na nilipoikwaruza kwa ukucha upande wa maandishi, haikutoa hata unga.

"Ile ya kwanza inafaa kufukuza ndege mu mahindi," alisema papa, bila aibu.

"Na wewe unaiuzisha watu?"

"Wengine wako na ndege."

Nikachukua boksi la zile nzuri. Kwenye bariyeri ya kukagua wasafiri, nikiwa nimeshaipita Sake, askari alifungua mfuko wangu wenye kamera, ordinateri na boksi, akanipeleka kwa kamanda, aliyekuwa amekaa chini ya turubai na televisheni yake ndogo yenye deki, jenereta ikinguruma nyuma. Aliingiza siidii ya kwanza. Kioo kikabaki cheusi. Akaingiza ya pili. Cheusi.

"Umeficha nini?"

"Sijaficha kitu, shefu. Ziko tupu."

"Kila siidii iko na kitu. Hata ya mahubiri iko na kitu."

"Hizi zinangojea kitu."

"Kitu gani?"

"Harusi."

Alifikiri. "Sasa hiyo harusi iko wapi?"

Nilimwambia ni kama jagi kabla ya kutiwa maziwa. Akasema jagi tupu analiona kwa macho kuwa ni tupu, lakini hii inang'aa. Mwishowe akaamua: "Weka kitu ndani, nione. Weka mimi."

Alivaa miwani ya jua, akapanga askari wake mstari, akateremka kilimani polepole huku nikimpiga video. Nikachomeka ordinateri kwenye jenereta yake na kuanza kuchoma. Kama umeme ungekatika, ni nani angeniamini tena?

Siidii ikacheza. Kamanda alijitazama kwa muda mrefu.

"Ule anacheka nyuma yangu ni nani?"

Askari wote wakatazama chini.

"Na hii tumbo?"

"Upepo ulijaza shati, shefu."

Hapakuwa na upepo. "Rudilia," akasema. "Sasa nitapitia kando yao."

Ya pili ilimpendeza. Alizichukua zote mbili, akazifuta kwa mkono wa shati, kisha akanirudishia boksi. "Pita. Hizi zingine, nimekubali, ziko tupu."

Harusi ya Karuba nikaipiga vizuri, na mama akapata siidii yake. Haikupita muda mrefu, mapigano yakapanda hadi kwao. Walikimbilia Goma kwa ndugu zao, na huko nikaenda kuwasalimia. Siidii ilikuwa imesafiri ndani ya gunia la maharagwe. Mama aliifuta vumbi kwa pembe ya kitenge, akaiweka, ikacheza bila kukwama: kanisa, keki, wacheza ngoma. Nilijiona fundi.

Kisha wakaonekana ng'ombe wake nyuma ya wageni, kwa kitambo kidogo tu, wakila majani kwenye kilima ambacho familia ilikikimbia na kuwaacha huko. Mama akasogea karibu na kioo. Walipopotea, akanigeukia.

"Dada, sababu gani haukupiga ng'ombe mingi? Bibi harusi tuko naye hapa."

Bibi harusi, aliyekuwa ameketi kando yangu akimenya viazi, alisema hata yeye ameona hivyo.