Jino la Mwanaidi: Kutoka Voi Hadi Ndia Kuu

Ndugu zangu wa Voi, wengi wenu mliniona nikiondoka na mwanangu begani, na mkaniona nikirudi. Ya katikati nimeulizwa mara nyingi, na kila mara nimejibu nusu. Leo nayaandika yote. Shule nilikaa mwaka mmoja tu, lakini kalamu naiweza, kama nilivyoyaweza mengine. Nilianza kwa kuuza mahamri kwenye sinia pale stesheni, na sasa nina hoteli ya meza kumi na mbili. Mwaka ule ninaousimulia, wa pili baada ya Uhuru, nionyesheni mtu wa Voi aliyekuwa na suti kama yangu.

Kilichonitoa ni jino. Mwanaidi, binti yangu wa miaka saba, alivimba shavu la kushoto. Mtu kama mimi hakosi dawa. Nilimtia mafuta ya karafuu jinoni. Nilipasha majani ya mbarika juu ya makaa nikamfunga shavuni yakiwa bado na moto wake. Kisha nikanunua kwa mganga mmoja mpita njia mzizi mchungu wa kuchemsha, wa kusafisha damu, alivyosema. Siku ya tatu maumivu yakakatika, nikatangaza hotelini kwamba nimemponya. Lakini shavu halikuteremka. Ngozi ilivutika ikang'aa, jicho likaanza kujifumba, na mwili ukawa moto. Mke wangu, aliyekuwa na mtoto mchanga kifuani, akaniambia polepole, "Mpeleke Mombasa kwa shangazi Rukia. Yeye atajua pa kwenda."

Nikakubali. Chupa ya maji ya mzizi nikaitia mfukoni, kwa kuwa niliamini ndiyo iliyokata maumivu.

Alfajiri, stesheni ya Voi. Nilikata tikiti za daraja la pili, nisije nikaonekana mtu wa kubahatisha. Gari moshi lilipoanza kwenda, nyika ya Taru ilikuwa imejaa ukungu mweupe, na vichaka vilielea humo kama vimekatwa miguu. Mwanaidi alilaza kichwa mapajani mwangu, jicho lake moja likitazama dirishani. Akaniambia kuna ndovu wanatembea juu ya maji. Mimi sikuona maji wala ndovu. Nikamwambia nawaona, wazuri. Abiria mmoja, karani wa bandari aliyekuwa anatoka likizo, akaniuliza mtoto ana nini. Nikamsimulia dawa zangu zote tatu mpaka akachoka. Kila kituo nilimnywesha kifuniko kimoja cha mzizi, na kila nilipomnywesha alitaka kupelekwa chooni.

Mazeras, jua limetoka. Minazi ilianza kuonekana, kisha hewa ikabadilika, ikawa nzito na yenye chumvi. Tulipovuka kuingia kisiwani maji yalikuwa pande zote mbili, yametulia, rangi ya maziwa. Kwa kitambo nikahisi kwamba gari halitembei, ni kisiwa kinachotujia.

Saa tatu, Mji wa Kale. Niliposhuka stesheni nilimbeba Mwanaidi mpaka Ndia Kuu, nikakata kulia kwenye kichochoro ambacho kuta zake nyeupe zinakaribiana hata jua linaingia kwa kamba moja tu. Juu huko watoto wa chuoni walikuwa wakisoma Kurani kwa pamoja. Sauti zao zilishuka, zikapotea, zikarudi. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake. Kulikuwa na harufu ya udi kila mlango. Nikabisha hodi.

Bi Rukia ni mwanamke mfupi, mkavu, ambaye akina mama wa mtaa humletea watoto wao wenye chango na kikohozi. Nilimpa sabalkheri, akaniitikia, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto. Akafungua kitambaa, akayatoa majani ya mbarika, akayaweka kando.

"Wamfunga moto kwa nje, baba Mwanaidi? Usaha hufuata moto. Wataka umtokee shavuni, abaki na kovu la maisha?"

Nikamwambia maumivu yamekwisha. Akasema maumivu yakiondoka na uvimbe ukabaki, hapo jino limekufa na uozo uko ndani. Akasema yeye hagusi kitu mpaka daktari wa meno aone. Nilishangaa. Nilidhani nimemletea kazi yake.

Saa tano, kwa daktari. Alikuwa Muhindi wa makamo, na chumba chake kilikuwa ghorofani, nyuma ya Makadara. Nilikaa mbele yake na suti yangu. Akatazama kinywa, akabonyeza chini ya taya, akauliza mtoto amepewa dawa gani nyumbani. Mwanaidi akafungua mdomo kusema. Nikambana kidole.

"Hakuna, daktari," nikasema. "Sisi si watu wa mizizi."

Akauliza mbona midomo yake mikavu. Nikasema ni safari. Akampiga sindano ya penisilini, akaandika kwamba nimrudishe kesho asubuhi alazwe kwa dawa ya usingizi, jipu lipasuliwe kwa ndani na jino ling'olewe. Nikatoka nimenyooka mabega. Nilijiona nimejiheshimu.

Baada ya adhuhuri. Chumbani kwa Bi Rukia mwanga ulipita kwenye nakshi za dirisha ukawa vidoa vidogo juu ya shuka, na Mwanaidi alivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Kisha akaacha kuvigusa. Alikwenda chooni mara tatu, mara ya nne hakuweza kusimama. Bi Rukia alimfinya ngozi ya mkono, na ngozi ikabaki imesimama. Akaniuliza mtoto amekunywa nini. Nikatoa chupa. Akanusa, akaonja kwa ulimi, akatema dirishani.

"Daktari ajua kuwa umemnywesha hii?"

"Sikumwambia, mama."

"Kwa nini?"

Yeye hakungoja jibu. Alijitupia buibui, akafunga kwenye leso chupa, yale majani na kichupa cha karafuu nilichokuja nacho, akanitangulia mlangoni. Nilimfuata na mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi kama nguo. Nimebeba magunia ya unga maishani mwangu, lakini uzito kama ule wa mtoto asiye na uzito sijaubeba tena.

Bi Rukia aliifungua leso juu ya meza ya daktari kama anayetandaza bidhaa. Daktari hakucheka. Wakaanza kuulizana wawili hawa, nami nikasimama tu. Karafuu? Hiyo haidhuru, tone moja, lakini haiui uozo, hunyamazisha tu. Mbarika ya moto? Iachwe. Mzizi? Bi Rukia akasema huu ni wa kuharisha, hapewi hata mtu mzima aliyefunga choo. Daktari akanigeukia.

"Kesho ningemlaza usingizi huyu nikidhani ni homa. Mtoto aliyekauka hivi, pengine nisingemwamsha. Uliniambia hakuna."

"Niliona haya, daktari."

"Haya ya nani?"

Mwanaidi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, jicho limefumba: "Nilitaka kusema mimi."

Jioni ile tulimnywesha maji ya madafu na uji mwepesi wa chumvi, kijiko kwa kijiko, mpaka midomo ikalainika. Asubuhi daktari akamtazama, akakubali. Nilikaa ngazini. Ilikuwa nusu saa, nami nilihisi nimezaliwa pale na nitazeekea pale. Kisha mlango ukafunguliwa, nikasikia akilia, na kilio kile kilikuwa kizuri kuliko muziki wowote.

Siku sita tulizokaa zilipita kama usingizi wa mchana. Asubuhi sindano, kisha Bi Rukia anachemsha majani ya mpera na chumvi, anayapoza, Mwanaidi anasukutua na kutema uani. Daktari mwenyewe ndiye aliyeruhusu, ila jeraha lipitishe siku moja kwanza. Shavu likarudi, jicho likafunguka. Siku ya mwisho alimwomba Bi Rukia mahamri, akala mawili, akasema ya baba ni matamu zaidi. Hilo, jamani, ni kweli.

Kurudi Voi. Wiki iliyopita jirani yangu mmoja aliniletea kijana wake aliyevimba ufizi, akaniomba dawa yangu ile maarufu. Nikamwambia asukutue kwa majani ya mpera na chumvi akiwa njiani, lakini njia ni ya kwa daktari, na aende leo. Na daktari akiuliza amempa nini, ataje kila kitu, hata kama chumba kimejaa waheshimiwa.

Akaniuliza mimi nilipoulizwa nilisema nini.

Nikamwambia: "Nilisema uongo, na mwanangu alikuwa ananitazama."