Manyoya ya Kuku wa Salome

Ipo siku moja ya kijijini kwetu Mtinko ambayo siachi kuikumbuka, mwanangu, na tangu niliposikia umechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea usanifu wa michoro na taarifa, inanijia hata nikiwa nakunywa chai. Baba yako aliniuliza juzi, "Kaka, hivi mtu anakwenda chuo kikuu miaka yote hiyo kujifunza kuchora?" Nikamwambia asubiri, nitamwandikia binti mwenyewe, naye akitaka asome.

Mimi shule niliiacha mapema. Sikufukuzwa; nilitaka kujua barabara inaishia wapi. Nimekuwa utingo wa malori ya vitunguu, nimepasua kokoto, nimechunga ng'ombe wa watu kule Ikungi, na kila nilipofika niliuliza maswali mpaka wenyeji wakanichoka. Nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu nilirudi Mtinko kupumzika kwa shangazi yangu Mwajuma, Mungu amrehemu, ndipo akaja msichana wa chuo kikuu aitwaye Salome.

Salome alikuwa mwaka wa mwisho, anasomea hicho hicho unachokwenda kusomea wewe. Kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa karatasi ya kubandika ukutani, inayoonyesha kwa picha jinsi ya kuwachanja kuku wasife kwa kideri. Unajua kideri kikipita huku kwetu: asubuhi unafungua banda, hakuna anayetoka. Chanjo yenyewe ilikuwa tone moja jichoni, basi, na kila mtu angewachanja kuku wake mwenyewe. Siku hiyo ninayoikumbuka, karatasi ya Salome ilitakiwa ikachapwe mjini Singida kesho yake, na wataalamu wa mifugo wailete chanjo keshokutwa yake. Yeye hakujua Kinyaturu, mimi sikuwa na kazi. Nikawa mkalimani wake.

Picha ilikuwa nzuri, sikufichi. Kuku amegeuza shingo, manyoya yamechorwa moja moja mpaka ungetaka kumpapasa. Tukapita nyumba kwa nyumba. Naamkia wazee, nafungua karatasi, nauliza, "Mnaionaje?"

"Nzuri."

"Mmeielewa?"

"Tumeielewa, baba. Poleni na kazi. Mgeni amekunywa maji?"

Nyumba zote ni hivyo hivyo. Salome alikuwa anatembea kama anataka kuruka. Tuliporudi, shangazi alikuwa anapepeta mtama. Akasikiliza habari zetu mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Jumanne, mgeni akikupikia mboga, akakaa mbele yako anakutazama mdomoni, akakuuliza kama chumvi imekolea, utasemaje?"

"Nitasema imekolea."

"Hata kama ni maji matupu?"

"Sasa shangazi, si ni mgeni?"

"Basi ndicho ulichokuwa unafanya kutwa nzima. Watu wamekupa adabu, wewe unarudi unasema wameelewa. Kuku wangu wakiisha, nitakula adabu?"

Aliyasema kwa Kinyaturu, kwa haraka, bila kutabasamu. Salome alinitazama akisubiri tafsiri. Nilitamani nipunguze makali, maana msichana alikuwa na furaha yake, lakini shangazi alikuwa ananitazama na yeye, na Kiswahili alikisikia vizuri tu. Nikatafsiri yote.

Uso wa Salome ulisawajika. Kisha akasema, "Shangazi, unaweza kutuazima tetea mmoja?"

Akatundika karatasi yake kwenye kamba ya nguo. Akajaza maji safi katika kichupa kidogo cha kudondoshea. Akaniambia, "Kaka Jumanne, safari hii usiulize kitu. Mpe mtu kuku, mpe kichupa, mwambie afanye kama picha inavyosema. Halafu ufunge mdomo." Kufunga mdomo, mwanangu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu, mzee Saidi. Akaitazama picha, akamkamata tetea, akambana kwapani kwa ustadi kabisa, akamfungua mdomo na kumdondoshea maji kooni.

"Haya, kunywa mama."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee Saidi, huyo umemkaribisha chai!"

"Sasa si ndivyo picha inavyosema? Kageuza shingo, anataka kunywa."

Akaja mke wake, naye akafungua mdomo wa kuku. Akaja fundi wa baiskeli, yeye akampaka maji kichwani. Watu wale wale waliosema wameelewa. Jicho lilikuwepo kwenye picha, lakini lilikuwa limezama katikati ya manyoya, na tone lilikuwa dogo kama punje ya ulezi.

Salome alisimama mbele ya kazi yake. "Haya manyoya mwalimu wangu aliyasifu mbele ya darasa zima. Nimeyachora wiki tatu."

Angeweza kuikunja karatasi ile, akaipeleka kuchapwa kama ilivyo, akapata alama zake. Nani angejua? Angekuwa ameshaondoka zamani. Badala yake aliomba meza.

Alichora upya akiwa amekaa uani, sisi tumemzunguka. Manyoya yote aliyaacha. Akachora kichwa tu, mdomo umefungwa, kidole gumba kimeshikilia chini ya shavu, jicho kubwa la duara, na juu yake tone moja nono. Akamsimamisha mama mmoja wa mbali aliyekuwa anapita na ndoo, ambaye hakuwa ameiona ile ya kwanza. Yule mama hakusalimia hata mtu, aliitupia picha jicho tu. Alimshika tetea, tone likaingia jichoni, tetea akapepesa.

"Kuna lingine?" akauliza yule mama. "Nina haraka."

Salome alimkumbatia pamoja na ndoo yake.

Karatasi mpya ndiyo iliyochapwa. Msimu ule kideri kilipita kama desturi yake, na banda la shangazi liliendelea kutoa kuku kila asubuhi, na la mzee Saidi pia.

Namshukuru Salome mpaka leo, kwa sababu hakunifanya mbeba mizigo. Kila swali langu alilijibu: kwa nini herufi hii na si ile, mtu anasomea akiwa umbali gani, jicho la msomaji linaanzia wapi. Na namshukuru shangazi kwa kunisema. Wangeninyamazia wote wawili, ningebaki mtu wa kuzurura asiyejua alichokiona.

Sasa sikiliza, mwanangu. Huko chuoni watabandika kazi yako ukutani, na wenzako, wengine wadogo kwako, wataisema mbele ya watu. Wewe umelelewa kwa shikamoo, itakuuma. Usiidhanie dharau. Anayekuonyesha palipokosewa kabla kazi haijachapwa amekupenda, mshukuru kwa mdomo wako. Na ukienda kwa watu, usiwaulize kama kazi ni nzuri, watakuheshimu tu. Wape waitumie, unyamaze, utazame mikono yao. Ukiona kitu ulichokipenda kinawazuia, kitoe hata kama kilisifiwa.

Nenda kwa amani. Mwenyezi Mungu akujalie walimu wasiokuonea haya, akupe subira ya kuanza upya, na kila mnyonge atakayesimama mbele ya kazi yako aondoke akijua la kufanya. Amina.