Gitaa la Baba Mdogo Ukutani

Katika mgahawa mmoja wa Mkuza, Kibaha, niliona gitaa ambalo baba mdogo aliliuza alipoacha muziki. Nililitambua kwa alama ya moto wa sigara yake. Mwenye mgahawa alikuwa akiwaambia wateja kwamba ni la mwanamuziki maarufu aliyefia Ulaya.

"Hapana, bosi," nikasema. "Mwenyewe yuko Maneromango, analima mihogo. Amelipiga kwenye harusi za Kisarawe nzima."

Akacheka. "Nani atakuja kuangalia gitaa la mkulima?"

Nikatoka nje nikampigia simu baba mdogo, hasira zimenijaa. "Shikamoo baba. Nimeliona gitaa lako huku ukutani, na wanakuzushia kifo!"

"Marahaba. Lina nyuzi?"

"Hata moja."

Akaniuliza kama Kibaha mvua imenyesha. Nilitaka akasirike pamoja nami. Hakukasirika.