Maneno ya Mwisho ya Waisiko

Kwa miaka tisa Waisiko aliwaandikia watu wa Tarime barua za kuomba kazi, na anayedhani hiyo ni kazi ya kubofyabofya tu angekaa asubuhi moja kwenye steshenari yake pale Bomani. Kwa Waisiko huandikiwi kitu kabla hujahojiwa. "Unasema unajua kuchomelea. Ulichomelea nini? Wapi?" Ukijiumauma, anamwita anayefuata. Na kila barua aliimaliza kwa maneno yale yale: "Niliyoyataja nimeyafanya kwa mikono yangu, njooni mwulize kijijini."

Kampuni kubwa ya uchimbaji ilipotangaza nafasi ya karani wa ajira, akaandika ya kwake. Aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukampaa.

Siku ya usaili, mwenyekiti wa jopo, mama wa makamo mwenye miwani, aliweka barua ya Waisiko mezani, kisha akapanga nyingine kumi na mbili za waombaji wengine pembeni yake.

"Dada, soma mwisho wa hizi."

Akasoma. Zote zilimalizika kama yake.

"Mwaka huu barua za kunakili tunazitupa," mama akasema. "Una la kusema?"

Aibu ilimpanda, lakini zile hasira zetu za Kikurya zikaiwahi njiani.

"Mama, kwa heshima zote, sijanakili mtu. Hizo zote nimeziandika mimi."

"Thibitisha."

"Ficha majina. Nisomee katikati."

Mama akainua moja. "'Nimechomelea mageti ya zahanati kwa miaka miwili.'"

"Werema wa Nyamwaga. Alitaka niandike mitano, nikamkatalia."

"'Nimeendesha trekta la ushirika.'"

"Lilian. Leseni yake ilikuwa imeisha, nikamrudisha akaihuishe kwanza."

Akazitaja zote kumi na mbili, hakukosa hata moja. Mzee mmoja wa jopo akakohoa.

"Mwenyekiti, wenye maneno haya tuliwaajiri wengi mwaka jana. Tulipiga simu vijijini kwao. Hatukumkuta mwongo hata mmoja."

Mama akavua miwani, akacheka. "Kumbe siku zote tunawasaili watu ambao wewe umeshawasaili!"

Wiki iliyofuata mlango wa steshenari ulikuwa na karatasi, imechapwa bila kosa hata moja: "Waisiko amehamia upande wa pili wa meza. Andikeni ukweli. Nitapiga simu kijijini."