Maganda ya Risasi Yaliyong'aa kwa Dakika Kumi

Mwanangu, ipo siku moja ya mwaka 2016 naikumbuka, na kila nikiikumbuka miguu inaniwasha. Wakati huo bado najiita kijana, ingawa magoti yalishaanza kulia nikipanda ngazi. Nilikuwa kwenye karakana moja mtaa wa Turffontein, mwendo wa saa moja toka Pretoria, nasafisha maganda ya risasi, yale ya shaba ya njano yanayobaki bunduki ikishapigwa. Watu wa kulenga shabaha wanayaleta machafu, sisi tunayang'arisha, wao wanakwenda kuyajaza baruti upya.

Aliyenifundisha ni Papa Ilunga, mzee wa Lubumbashi, mpole, lakini pua yake, wallahi, ilikuwa inanusa ugali unaoungua Pretoria. Taratibu yake moja tu: toa fataki kuukuu, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, osha kwa maji ya sabuni, anika, halafu tia kwenye pipa linalozungushwa na mota pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Saa nne nzima, grr, grr, na wewe umekaa kwenye stuli. Mimi huyu nikae saa nne? Hata tumboni mwa mama nilitoka kabla ya siku zangu.

Ijumaa hiyo Papa katoka, kaniachia ndoo ya Mama Thandi wa Rosettenville, ambaye kesho yake ana mashindano. Na mimi nina mechi ya kuangalia Joubert Park na wenzangu wa Tanga. Sasa kwetu Tanga sinia la shaba tunalisugua kwa chochote kikali, likimeremeta, yameisha. Basi nikachukua dawa ya kusugulia sakafu, ile inayonuka kama mkojo wa paka mia, nikamwaga ndooni. Dakika kumi! Yaling'aa mpaka nikaona meno yangu yote, na yale niliyong'oa utotoni. Mama Thandi alipokuja alinisifu, akabeba mfuko wake, akaenda.

Saa moja baadaye nafunga kamba za viatu niende kwenye mechi, Papa Ilunga huyo anarudi. Akainusa ndoo.

"Petit, mdogo wangu, ulitia nini humu?"

Nikamwambia. Akakaa chini. Akanieleza kwamba dawa ile inaidhoofisha shaba ndani kwa ndani, nje huoni kitu, na ganda linaweza kupasuka bunduki ikiwa shavuni mwa mtu.

"Yule mama iko na macho mawili tu," akasema. "Kimbia."

Nikampigia Mama Thandi, simu ikawa haipokelewi. Nikakimbia, mwanangu, farasi wa mbio wa pale Turffontein wangeniona wangeacha kazi. Robot nyekundu, ile taa ya barabarani, sikuijua. Na kichwani natunga uongo: nitasema mifuko imebadilishana, nitasema mteja mwingine anadai maganda yake. Nilipofika mlangoni nilishakuwa na uongo wa aina tatu, wote mtamu.

Mama Thandi alikuwa mezani, ameshajaza risasi arobaini, amezipanga mstari. Akapandisha miwani kwenye paji la uso ili anione vizuri. Nikayaona yale macho. Uongo wote ukanikimbia.

"Mama, nimeyaharibu mimi. Nilikuwa na haraka."

Akachukua ganda moja tupu, akalibana kwa koleo. Halikupasuka. Lilipinda tu, linameremeta vilevile. Akaliweka kando, akaanza kuzifungua zile arobaini, moja moja, akimwaga baruti. Nilitaka kusaidia, akaniambia nikae. Mashindano hakwenda. Mechi mpaka leo sijui nani alifunga.

Labda lisingepasuka hata moja. Hilo sitalijua kamwe, ndilo linaloniwasha.

Jumatatu Papa Ilunga akanisogezea stuli. Nikakaa saa nne zote.

Basi nakuasa, mwanangu. Kazi inayogusa mwili wa mtu mwingine, ipe muda wake hata makalio yakifa ganzi. Na ukiikosea, nenda ukaseme mwenyewe, hasa pale inapong'aa na hakuna aliyeshtuka. Mungu akutulize miguu, akulindie macho yako na ya wote wanaoamini mikono yako. Amina.