Stumai, fundi wa kompyuta anayefanyia kazi kibarazani

"Ndoo nzima! Ndoo nzima ya maji unaipa ardhi inywe, na mimi hapa naoshea vyombo maji ya kupima kwa kikombe!"

"Nimenunua kwa hela yangu, Mama Sabrina."

"Na haya matope? Umeyanunua pia? Wateja wangu wanaingia na miguu kama wametoka kulima mpunga!"

Ni saa mbili asubuhi ya Alhamisi mjini Same, mtaa wa nyuma ya stendi. Anayefoka ni Mwanaidi, mwenye mgahawa wa chapati na supu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Sabrina kwa jina la bintiye. Anayefokewa ni jirani yake wa ukuta mmoja, Stumai, fundi wa kompyuta mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Amesimama pekupeku kwenye kibaraza chake, ndoo tupu mkononi.

Wanywa supu wameshageuza viti. Hakuna anayetaka kupitwa.

"Si urudi ndani kama mafundi wenzako?" anaendelea Mwanaidi. "Ndani hakuna vumbi. Pasipo vumbi huhitaji maji, usipomwaga maji hakuna matope, na sisi tunaishi kwa amani."

Stumai anaweka ndoo chini taratibu.

"Nani alinitoa ndani, dada?"

Mwanaidi anarudi kugeuza chapati. Wanywa supu nao wanarudi kwenye bakuli zao. Hapa kila mtu anajua jibu.

Stumai alizaliwa Msangeni, milimani wilayani Mwanga. Alipomaliza kidato cha nne hakuwa na alama za kumpeleka mbele, basi akashuka Mwanga mjini kumsaidia shangazi yake kuuza vocha. Kibanda cha jirani kilikuwa cha fundi simu. Siku ambazo wateja wa vocha hawakuja, na zilikuwa nyingi, alikaa kwa fundi akitazama. Kutoka kutazama akaanza kushika bisibisi, kutoka simu akahamia kompyuta mpakato. Alipohamia Same alikodi chumba kimoja chenye kibaraza, akafanya kazi ndani, mlango umefungwa ili vumbi lisimwingilie.

Anayeifahamu Same anaufahamu upepo wake. Jua likishachomoza vizuri unashuka kutoka milimani, unaokota vumbi la stendi na kuligawa bila upendeleo: kwenye supu, kwenye kope, kwenye matundu ya feni za kompyuta. Hewa ni kavu kiasi kwamba ukivua sweta nywele zinasimama na unasikia vijicheche.

"Vijicheche vile ndivyo adui yangu," anasema Stumai. "Ni umeme mdogo wa mwili. Wewe unakuchezea tu, RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, unaiua."

Basi kufunga mlango kulikuwa na maana. Lakini miaka miwili iliyopita alikuja mteja aliyetaka kuongezewa RAM. Akalipa, akaondoka ameridhika. Wiki iliyofuata alirudi akipiga kelele tangu stendi. Mtu fulani alikuwa amemwangalizia mashine na kumwambia uwezo umepungua nusu, maana yake fundi alitoa kipande kizuri akabaki nacho.

"Alinitukana hapo hapo kwenye ngazi," anakumbuka. "Aliniita mwizi. Nikasema leta nifungue tuone. Akasema nilishafungua mara moja, nikiwa nimejifungia, nani alishuhudia? Kweli, nani alishuhudia?"

Siku chache baadaye, kwa fundi mwingine, ilijulikana kwamba kipande hakikuibwa. Kilikuwa kimelegea kwenye nafasi yake kwa sababu ya vumbi, mashine ikawa inasoma kimoja badala ya viwili. Kilipanguswa, kikabanwa, uwezo ukarudi.

"Kunitukana alikuja hapa. Kusema imepona, alimwambia mtu mwingine."

Na hadithi ya wizi ilikuwa imeshafika mbali. Mwanaidi hafichi kwamba sehemu ya safari hiyo aliisimamia yeye. "Mtu anakunywa supu, anauliza kulikuwa na kelele gani, mimi ninyamaze?" anasema, akifuta mikono kwenye aproni. "Nilisema nilichosikia. Kumbe nilichosikia kilikuwa nusu."

Wateja walipungua hadi Stumai akafikiria kurudi kwenye vocha. Badala yake alitoa meza nje. Tangu hapo ana sharti moja: hafungui mashine mpaka mwenyewe awe amekaa mbele yake anaona. Kabla ya kuanza humwaga maji kibarazani na mbele yake, vumbi lilale, kisha anavua viatu na kusimama kwenye unyevu ili ule umeme wa mwili ushuke ardhini. Wakati mwingine inambidi amwage mara mbili kwa siku. Siku nzuri anaingiza shilingi elfu thelathini, siku mbaya hapati ya mboga, lakini ndoo ya kwanza lazima imwagwe.

Sharti hilo lilipata mtihani wake Alhamisi hiyo hiyo, matope yakiwa hayajakauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule fundi wa nje?"

Mgeni ni Mzee Eliezeri kutoka Maore, kijiji cha bondeni chini ya Gonja. Kwapani ana kompyuta mpakato iliyofungwa kwa kitambaa cha meza. Mkononi ana kopo la maziwa ya unga. Anaketi, anafungua kopo, analimimina mezani. Ni vipande vya RAM, virefu na vifupi, vya kijani na vya bluu, vingine vina masizi. Kila kimoja kimefungwa uzi wenye kikaratasi cha jina.

"Viingize vyote," anasema.

Stumai anavitazama, kisha anamtazama mzee.

Mzee Eliezeri anaeleza. Maore kuna kikundi kinachoimba nyimbo za msaragambo, zile za kazi ya pamoja ambapo kila kaya hutoa mtu na jembe kuchimba mfereji au kujenga shule. Kikundi kiliuza mpunga, kikanunua kompyuta iliyotumika, na yeye ndiye anayerekodi. Anachukua sauti ya kila mwimbaji peke yake, halafu anazipanga pamoja. Akifungua sauti ya nne, mashine inaganda. Mtu mmoja akamwambia inahitaji kumbukumbu zaidi. Naye akafanya kama wanavyofanya siku zote. Akaitisha msaragambo.

"Nilisema, mwenye kompyuta iliyokufa nyumbani alete kumbukumbu yake. Watu wakawapigia watoto wao Moshi, Arusha, Dar. Kila kaya imetoa. Sisi tulidhani ni kama mfereji, wakija wengi kazi inakwisha mapema."

Stumai hacheki. Anaiwasha mashine, anasoma maelezo yake kwenye kioo, anaizima.

"Mzee, unaiona meza ya Mama Sabrina pale? Stoo yake ina magunia. Lakini chapati anasukumia meza ile moja. Akiweka madonge mengi, mengine yanaanguka. Hii mashine yako ina stoo kubwa. RAM ndiyo meza. Na meza hii ina nafasi mbili tu za kuunga mbao."

"Meza yangu msiitaje!" inatoka sauti ya upande wa pili.

"Mbili?" Mzee Eliezeri anatazama lile rundo. "Na watu wote hawa?"

"Mbili. Na si kila ubao unakaa. Hivi virefu ni vya kompyuta za mezani. Hivi vifupi vingine, mkato wake wa chini uko mahali pengine, haviingii."

Mzee anasema basi afungue, achague vinavyofaa, yaishe. Stumai anaweka mikono mapajani.

"Mwenye mashine ni nani?"

"Kikundi."

"Kikundi ni nani?"

"Ni sisi sote. Wote walioleta."

"Basi wote wawepo, mzee."

"Unataka nikuletee Maore nzima hapa Same?"

"Hapana. Mimi nitakuja."

Mzee alipoondoka na kopo lake, Mwanaidi alitoka na mwiko mkononi. "Nauli mpaka Maore kwa ajili ya skrubu! Wewe mwanamke una wazimu." Kisha akashusha sauti. "Au unaogopa?"

"Naogopa. Kikipungua kimoja kwenye lile kopo, au mtu akisema changu kilikuwa kizuri fundi kakibadilisha, upande wote wa Gonja nitakuwa mwizi. Safari hii sitapona, dada. Kibarazani nimeshahamia, nitahamia wapi tena?"

Mwanaidi alirudi kwenye chapati zake. Jumamosi alfajiri Stumai alikuta chapati mbili kwenye ndoo yake, zimefungwa gazeti.

Maore maji si haba. Mifereji inapita hadi pembeni ya nyumba, na uani kwa Bibi Rogathe, mama wa miaka themanini anayeongoza nyimbo za kikundi, ndoo iliyojaa imeshaletwa kabla fundi hajaiomba. Stumai anamwaga, anavua viatu. Watu wanasogeza mabenchi.

"Fundi, unapanda mchicha?" anauliza Salehe, mwenye duka, na uwanja mzima unacheka.

Stumai anamwomba Mzee Eliezeri asome majina yote ya kwenye kopo kwa sauti, kila mtu aitikie na kukiona chake. Inachukua muda, maana kila anayeitika ana la kusema kuhusu mwanawe aliyekileta. Halafu anageuza mashine, anatoa skrubu moja moja na kuzipanga kwenye sahani, anainua kifuniko na kuchomoa vipande vya zamani vyenye uwezo mdogo.

"Ndiyo nafasi hizo mbili tu?" mtu anauliza, akichungulia.

"Ndiyo hizo."

"Tumeleta kopo zima!"

Anajaribu kimoja kimoja mbele yao. Anakisugua ncha kwa kifutio cha penseli, anakilaza kwenye nafasi, na kisipokaa anakirudisha mkononi mwa mwenyewe. Rundo linapungua. Kinachoingia kwanza ni cha Salehe.

"Mmeona!" Salehe anasimama kabisa. "Kuanzia leo hiki ni kikundi changu!"

"Kaa chini, hata kuimba hujui," anamjibu mama mmoja.

Cha pili ni cha Faraja, muuza nyanya, ambaye hasemi kitu ila anajifunika uso kwa mtandio.

Nafasi zimejaa. Mkononi mwa Mzee Eliezeri kimebaki kimoja, kirefu, cha kijani. Karatasi yake imeandikwa Rogathe. Ni cha mwanawe aliyewahi kuwa na duka la intaneti Moshi, na bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta, siku ile ile ya tangazo.

Mzee anamwinamia fundi, anasema chini chini, lakini uani kwa watu hakuna la chini chini. "Mwambie kimeingia. Mtu wa miaka themanini, ataifungua lini?"

Stumai anakishika. Anakitazama kwa muda mrefu kuliko vingine.

"Changu kimeingia?" anauliza Bibi Rogathe kutoka kwenye kigoda chake.

"Hakijaingia, bibi. Ni cha kompyuta kubwa ya mezani. Ni kizima, lakini hapa hakikai."

Salehe anakaa chini bila kuambiwa. Stumai anavuka ua pekupeku, anapiga magoti, anakiweka kwenye kiganja cha bibi, kisha anarudi kufunga kifuniko. Skrubu ya kwanza inamponyoka na watu watatu wanainama kuitafuta.

Mzee Eliezeri anawasha. Anafungua sauti ya kwanza, na ni ya Bibi Rogathe, nyembamba, ikiita watu waje na majembe. Anaongeza ya pili. Ya tatu. Ya nne. Haigandi. Anaongeza nyingine, na nyingine, mpaka mle ndani mnakuwa na kijiji kinachoitikia, na waliokaa kwenye mabenchi nao wanaanza kuitikia bila kuombwa, Salehe akiwa nje ya sauti kama alivyoshtakiwa.

Bibi Rogathe haimbi. Amegeuza kile kipande mara kadhaa, kisha amekifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili.

Pembeni, akikusanya vifaa, Stumai anasema ana mpango. Anataka ukuta wa mbele wa chumba chake Same uwe wa kioo. Yeye ndani, vumbi nje, mteja akae kibarazani na supu yake akitazama mikono ya fundi. Ameshaulizia bei, na bado yuko mbali nayo. "Mama Sabrina atafurahi kuliko mimi. Matope yataisha," anasema. Anafikiri kidogo. "Ila nadhani tutatafuta jingine la kugombania."

Anachukua viatu vyake aondoke awahi basi. Bibi Rogathe anamnyooshea kidole.

"Wewe. Watu wangu wangeniambia kimeingia," anasema. "Ningekaa nafurahia kitu kisichokuwepo."

Stumai anabaki na viatu mkononi.

"Hayo maji yaliyobaki kwenye ndoo, nawa mikono," anasema bibi, akijishikiza mlangoni kusimama. "Makande yameiva muda mrefu. Ingia mwanangu, ingia ule."